Chukudu ya sentimeta 20, na hesabu niliyokosea



Kijana mumoja wa upande wa Rubaya alituandikia barua. Anasema aliona kwenye simu ya kaka yake watu wa Marekani wanajenga gari ndogo ya plastiki, moja ya zile gari za zamani za mbio zenye moteri kubwa. Vipande vyote vinatoka katika karto moja: milango, magurudumu, hata moteri. Anauliza: «Ile karto inauzwa wapi, na mimi nijenge?»

Tumujibu pasipo kumuficha. Karto ile katika maduka ya kwetu utaitafuta mpaka viatu viishe. Lakini usihuzunike, kwa sababu kitu kikubwa hakiko ndani ya karto, kiko katika namba iliyoandikwa juu yake. Mara mingi utasoma 1/25. Maana yake, kila sentimeta 25 za gari ya kweli zinakuwa sentimeta moja kwenye mufano. Ford Mustang, gari iliyotoka kule Marekani katika mwezi wa nne wa mwaka 1964, ilikuwa na urefu wa metre 4 na sentimeta 61. Gawanya kwa 25: utapata sentimeta 18 na nusu hivi, gari ya kuweka juu ya meza. Wenye kiwanda wamekwisha kugawanya kwa ajili yako. Kwako inabaki kukata vipande na wembe, kusugua, kubandika na kole, na kupaka rangi.

Sisi tutagawanya wenyewe. Na hatutajenga Mustang, maana hakuna hata moja inayopita hapa Rutshuru ili tuipime. Tutajenga gari inayopita kila saa mbele ya mulango: chukudu.

Musicheke. Chukudu ni kazi ya akili za watu wa kwetu, inajulikana tangu miaka ya 1970, na kule Goma ilijengewa sanamu kubwa ya rangi ya zahabu katikati ya barabara, ikafunguliwa mwaka 2009. Ni magari gani ingine unayojua ambayo ilipata sanamu? Haikunywa esanse hata siku moja. Inabeba viazi, mashu, makala, mbao, maji. Mwaka 2002 na tena mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka, na katika vita ya mwaka 2022 watu wa Rutshuru walipokimbilia Kanyaruchinya, wengi wetu tuliona matandiko yetu yanaenda mbele yetu juu ya chukudu. Hapo hakuna aliyecheka.

Basi, kamata kaye, biki na kipimo, uende kwa jirani mwenye chukudu. Muombe ruhusa kwanza, usianze kupimapima kitu cha mutu kama mwizi. Pima urefu wa mbao kubwa ya kati, upana wake na unene wake. Pima gurudumu toka upande mpaka upande, kimo cha usukani, na nafasi iko kati ya magurudumu mawili. Andika yote. Tunachagua 1/10 kwa sababu kugawanya kwa kumi hata mutoto wa mwaka wa tatu anaweza: unasogeza tu alama. Chukudu ya metre 2 itakuwa sentimeta 20. Gurudumu ya sentimeta 35 itakuwa sentimeta 3 na nusu. Mbao yenye unene wa sentimeta 10 itakuwa sentimeta moja.

Mbao utaipata bule kwa seremala, kati ya vipande anavyotupa. Chukudu nzuri inatengenezwa kwa muti wa mumba na mukaratusi, basi na wewe tafuta mukaratusi uliokauka. Muti mubichi utapinda katika juma moja na utasema ni mimi nilikudanganya. Chora kwanza kwenye kipande cha karto, kata ile karto, uiweke juu ya mbao, fuata na biki. Halafu kata pole pole, ukiacha nje ya mustari kidogo, sababu utasugua. Mbao uliyokata sana hairudi.

Kwa magurudumu, wengi wanatumia vifuniko vya chupa za soda. Vina karibu sentimeta 3, si mbaya, lakini mimi sivipendi, vinaonekana kama vifuniko vya soda. Tafuta mupini wa jembe uliovunjika. Umekauka miaka mingi, hautapasuka, na unene wake unakaribia kabisa ule tunaoutaka. Kata vipande viwili kwa musumeno mwembamba. Toboa katikati kwa musumari wa moto, lakini baba au kaka akuwe karibu. Tundu lizidi kidogo unene wa rayo ya kinga, maana rayo ndiyo itakuwa ekseli. Zungusha kipande cha mupira wa ndani wa kinga, bandika na kole, kama vile chukudu ya kweli inavyovalishwa pine ya zamani.

Gurudumu ya mbele inakaa katika kanya ya muti, na ule muti unapita katika tundu la mbao kubwa ili usukani ugeuke. Hapa ndipo watoto wengi wanakosea: wanapiga musumari, usukani haugeuki, na chukudu inakuwa kiti. Acha uzunguke. Nyuma usisahau frein, kipande kidogo cha mupira kinachoangalia gurudumu, pale dereva anapokanyaga. Na juu ya mbao bandika kipande cha kambambili ya zamani, pale anapoweka goti. Asipoweka kitu hapo, goti linakwisha.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya niandike ukurasa huu mara ya pili. Wasomaji wetu wa zamani wanakumbuka kwamba nilikwisha kueleza kazi hii katika namba moja ya mwaka uliopita. Mule niliandika sentensi hii: «Ukitaka kujua uzito, zidisha mara elfu.» Sentensi ile ni ya kweli, lakini haikutosha, na kwangu nyumbani iliumiza mutu.

Mutoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, alijenga mufano wake kuliko mimi nilivyoweza. Baba yake ni mwenye chukudu, anateremusha viazi kutoka Kibumba mpaka Goma. Kusema kweli, mutoto yule alikuwa akimuonea baba yake haya. Akimuona njiani na wenzake wa masomo, alikuwa anapita upande mwingine. Lakini alipoanza kumuomba apime chukudu, jioni walikuwa wanakaa wawili chini ya taa, baba anashika kipimo, mutoto anaandika. Dada yangu aliniambia: «Yaya, sijaona bale babili banaongea hivi tangu mwaka jana.» Nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Mutoto akapakia mufano wake. Akaweka nusu kilo ya chumvi, ikasimama. Akaongeza mpaka kilo 4. Mbao ilianza kulia kidogo, kri, kri, lakini haikuvunjika. Akachukua ukurasa wangu, akazidisha mara elfu, akapata kilo 4000. Akamukimbilia baba yake: «Papa, kumbe chukudu yako inaweza kubeba tani ine! Juu ya nini unabeba magunia tatu tu?»

Baba alicheka. Tani ine hakuamini, hakuna mwenye chukudu atakayeamini. Lakini alisema katika moyo wake: kama hesabu inasema tani ine, basi magunia matano, kilo 500, ni kitu gani? Na tena hesabu imetoka kwa shemeji, mutu wa kuandika katika gazeti. Ilikuwa mwanzo wa masomo, minerval inadaiwa. Akapakia matano. Chini ya Kibumba, pale barabara inapokuwa ya mteremuko, mbao ya kati ilipasuka karibu na tundu la usukani. Aliruka. Viazi vikamwagika, mupanda kinga mumoja akaponea chupuchupu, na goti lake lilishonwa nyuzi saba. Majuma matano hakufanya kazi.

Nilimuendea seremala muzee wa hapa kwetu, nikamuonyesha hesabu yangu. Alitazama ule mufano, akauangalia mwisho wa mbao, akaniuliza: «Mwalimu, hapa mwisho kuna sentimeta ngapi?» Nikamujibu: moja kwa moja. «Na kwenye chukudu ya kweli?» Kumi kwa kumi. «Basi chora vile viraba vidogo ndani ya kile kikubwa.» Nilichora. Viko 100. Si 1000.

Vijana, kamateni neno hili vizuri. Kitu kikikua mara kumi, kinakua kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Uzito wake unafuata vyote vitatu: kumi mara kumi mara kumi, elfu moja. Lakini nguvu ya mbao ya kubeba haifuati vyote vitatu, inafuata unene wa pale inapoweza kukatika: kumi mara kumi, mia moja. Kwa hiyo kilo 4 za mufano si tani 4. Ni kilo 400. Na kwa kilo 400 mbao ilikuwa inalia tayari! Mufano ule ulisema kweli tangu mwanzo, mimi ndiye nilimufundisha mutoto kuusoma vibaya.

Ndiyo sababu chungu anabeba kipande cha jani kizito kumupita yeye mwenyewe, na tembo wa kule Virunga hawezi kubeba tembo mwenzake. Chungu hana nguvu za ajabu, ni mudogo tu. Kitu kidogo kinaonekana siku zote kuwa na nguvu kuliko kikubwa cha umbo lile lile. Ninyi wa machimbo munapashwa kukumbuka hili zaidi kuliko sisi. Ukitengeneza na vijiti mufano wa nguzo zinazoshika udongo ndani ya shimo, na vijiti vikashika ndoo ya muchanga, usiende kumuambia mutu aingie chini. Udongo wa kweli unazidi mara elfu, miti inazidi mara mia tu.

Na hata ile kilo 400 usiifanye kuwa ruhusa. Mbao ya kweli ina mafundo, ina nyufa, imenyeshewa na mvua, inaruka juu ya mawe ya volkano. Mufano wako uliulalisha juu ya meza. Yule seremala alisema yeye anakata nusu: kama hesabu inatoa 400, pakia 200. Shemeji yangu alisema 200 hailishi watu saba. Walibishana mbele yangu mpaka chai ikapoa, na mimi sikuweza kusema nani ana haki.

Mwisho walipatana juu ya mbao. Mutoto akakaa na kaye yake. Upana walibakisha ule ule wa 10, lakini kimo wakakipandisha mpaka 13. Ukiongeza kimo cha mbao iliyolala, nguvu yake inaongezeka haraka kuliko ukiongeza upana: 13 mara 13 ni 169, 10 mara 10 ni 100, basi imezidi karibu mara moja na nusu na zaidi. Na lile tundu la usukani, pale ilipopasukia, wakalizungushia chuma. Walijenga kwanza mufano mupya, wakauvunja kwa makusudi kwa kupakia muchanga, wakaandika kilo ulipovunjikia. Ndipo wakaenda kukata muti mukubwa.

Chukudu ile mupya inapita sasa. Anabeba matatu, siku ya soko mara nyingine matatu na nusu. Mutoto anaisukuma kwa nyuma kwenye mupando, na wenzake wa masomo wanamuona.

Kijana wa Rubaya, anza na mupini wa jembe. Ukikwama kwenye kanya ya usukani, tuandikie tena, na safari hii utume vipimo vyako vyote, siyo urefu peke yake.