Maumivu ya Miguu Usiku

Yuko mzee mmoja jirani yetu, mwalimu aliyekwisha kustaafu, ambaye huamshwa usiku na maumivu ya shavu la mguu. Msuli hukakamaa ukawa mgumu kama jiwe, naye hupiga kelele hata wajukuu wakaamka. Majuzi alitwambia kwa furaha kwamba amepata dawa, yaani vidonge vya kwinini vilivyosalia sandukuni tangu alipougua malaria. Tulimsihi aviache.

Ni kweli kwinini hupunguza kidogo maumivu haya, na zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliitoa kwa kazi hiyo. Lakini imeonekana kwamba yaweza kuharibu chembe zinazogandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, hata mtu akafa. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliamuru vidonge vya kwinini visivyo na kibali viondolewe madukani, ikawaonya watu wasivitumie kwa ajili ya miguu. Maumivu ya dakika chache hayastahili hatari kama hiyo.

Mtu alalapo, nyayo huelekea chini, na msuli wa shavu hufupika. Ukishtuliwa katika hali hiyo, hujikaza kupita kiasi. Wazee hupatwa zaidi, na wanawake wenye mimba kubwa, na wanywao dawa za kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu. Hao wasiache dawa, bali wamwambie daktari.

Ukishikwa, nyosha goti, uvute vidole vya mguu kuelekea kwako, au usimame ukanyage chini kwa kisigino. Na kila usiku kabla ya kulala, uegemee ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino kisiinuke, uhesabu polepole hata kumi. Fanya mara tatu kila mguu. Huko Uholanzi watu 80 waliopita miaka 55 walijaribiwa, na habari zao zilitangazwa mwaka 2012: walionyosha miguu kila usiku kwa majuma sita walishikwa mara chache kuliko wenzao.

Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto, na maumivu yasiondoke, yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile.

Mzee wetu sasa huegemea ukuta kila jioni, na wajukuu humhesabia. Vile vidonge mkewe amevirudisha zahanati.