Programu za afya zijaribiwe kwa mgonjwa wa kubuni, si kwa mtoto wako

Simu imeingia kliniki na haitatoka. Tangu mwaka 2012, kampeni ya Wazazi Nipendeni ilipoanza kutuma ujumbe mfupi bila malipo kwa wajawazito na wazazi wa watoto wachanga, tumezoea kukumbushwa hudhurio kwa simu. Siku hizi wapo wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na simu au kishikwambi, na hapa Kizota, kama kwingineko jijini Dodoma, wapo wazazi waliopakua programu za kufuatilia ujauzito, chanjo na saa za dawa.

Ni jambo la kheri. Lakini mzazi anayeitegemea programu ana haki ya kuuliza maswali mawili: nani aliijaribu kabla haijanifikia, na aliijaribu kwa taarifa za nani?

Tuanze na la kwanza. Programu hubadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko laweza kuharibu kitu kilichokuwa kizima. Kwa kuwa mtu hawezi kurudia kubonyeza kila kitufe kila wiki, watengenezaji hutumia njia ya kurekodi. Mtu mmoja hufungua programu, huandika tarehe, huchagua dawa, hubonyeza "hifadhi", na kila mguso wake hurekodiwa. Baadaye kompyuta huirudia safari ile ile yenyewe, kwenye simu za aina mbalimbali, na kupiga kelele pale jibu linapotofautiana na la awali. Google ilitoa kifaa cha kurekodi majaribio ya namna hii kwa simu za Android mwaka 2016, na vipo vingine vingi.

Faida yake kwa mgonjwa ni kubwa. Chukua mtoto wa kilo 7.5. Kwa kipimo cha miligramu 15 za parasetamo kwa kila kilo, dozi yake moja ni miligramu 112.5. Programu ikimeza nukta na kusoma kilo 75, itataja miligramu 1,125, mara kumi ya anachostahili. Jaribio lililorekodiwa kwa uzito wenye nukta lingelinasa kosa hilo kabla halijafika kwa mzazi yeyote.

Hata hivyo, kompyuta hurudia alichofanya binadamu, haijui alichosahau. Programu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza inaweza kumwambia mama ampe mtoto dawa "saa 8 usiku" wakati daktari alikusudia saa 2 usiku. Kikumbusho kitalia, jaribio litapita, na dawa italiwa kwa saa isiyo yake. Kosa hilo hulitambua mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Ndiyo maana tunasema majaribio yarekodiwe na muuguzi na mzazi wa hapa, kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, bando likiwa linakatika, na si na mhandisi peke yake mwenye simu mpya na mtandao wa kasi.

Swali la pili ni zito zaidi. Zipo programu zinazorekodi matumizi ya wateja halisi: unachobonyeza, unachoandika, hata picha ya kioo chako, ili watengenezaji waone wapi watu wanakwama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionesha kwamba tovuti ya maduka ya dawa ya Walgreens ilikuwa ikipeleka majina ya wateja pamoja na magonjwa na dawa zao kwa kampuni ya kurekodi matumizi. Mwaka 2019 kampuni ya Apple iliwaagiza watengenezaji waliokuwa wakirekodi vioo vya watumiaji bila kuwaambia waache au waseme wazi.

Wengi wetu hudhani tukikataa kuiruhusu programu itumie kamera na kipaza sauti tumekuwa salama. Sivyo. Programu inayorekodi kioo chake yenyewe haihitaji kamera yako. Mama anayeandika majibu ya kipimo cha VVU, au msichana anayeandika tarehe za hedhi, anaweza kuwa anaonwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, na kanuni yake ni kwamba zisichakatwe bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayopokea malalamiko. Kisingizio cha "tunaboresha huduma" hakitoshi kuwa ridhaa.

Msimamo wetu ni huu. Majaribio yarekodiwe, tena mengi, lakini kwa wagonjwa wa kubuni: jina la kubuni, uzito wa kubuni, kipimo cha kubuni. Mgonjwa halisi asirekodiwe mpaka aombwe kwa Kiswahili anachokielewa, na akikataa asinyimwe huduma. Hospitali na miradi inayonunua programu hizi iweke sharti hilo kwenye mkataba kabla ya kulipa.

Nawe mzazi, usisubiri. Kabla ya kujaza chochote, soma sehemu inayoeleza matumizi ya taarifa zako. Usipoielewa, muulize aliyekushauri kuipakua. Usiandike jina kamili la mtoto wala namba ya bima pasipo ulazima. Siku ya kwanza, linganisha kikumbusho cha simu na maandishi ya mfamasia kwenye bahasha ya dawa. Vikitofautiana, fuata bahasha na urudi kituoni kuuliza. Usibadilishe dozi kwa sababu simu imesema. Na mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege au akihema kwa shida, mpeleke kituo cha afya mara moja. Hapo hakuna cha kuuliza programu.

Kadi ya kliniki tunaitunza kabatini, tukijua ni nani anayeisoma. Tuwadai watengenezaji wa programu za simu heshima hiyo hiyo.