Kimoja Tu, na Sioni Haya

Kila Januari tunapewa fomu: mwaka huu utasoma vitabu vingapi? Mwaka jana niliandika 12. Nikamaliza kimoja.

Ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyekuwa mkimbizi kama sisi, akapata Nobel 2021. Ida Hadjivayanis ndiye kaitia Kiswahili. Nakala moja, tukasomeana jioni watu 11. Yusuf alipotolewa kwa deni la baba yake, mama mmoja alilia. Alipowakimbilia askari wa Wajerumani, tuligombana mpaka usiku: ni mjinga, ama angefanya nini?

Kwenye fomu hiyo ni "1" tu. Makatoni ya riwaya za Kiingereza yapo, hayasomwi. Ndugu zetu wa mashirika, acheni kuhesabu. Leteni nakala 10 za kitabu kimoja cha Kiswahili, halafu mje mkae nasi mkekani.