Moja, Mbili, Tatu Si Jaribio

Wauzaji wa maiki za kubana kifuani pale Kariakoo huzijaribu kwa namna moja. Muuzaji hubana kidude kwenye ukosi wa shati lake, huchomeka kipokezi kwenye simu, kisha husema, "Moja, mbili, tatu, tunajaribu." Mnunuzi husikiliza, hutabasamu, hulipa. Nathubutu kusema kwamba hilo si jaribio hata kidogo. Ni kiini macho.

Mwalimu aliyepita chuo cha ualimu anajua kuwa mtihani hutungwa kwa kazi itakayofanywa. Humpimi mpishi kwa kumwuliza majina ya sufuria. Mimi na wastaafu wenzangu wawili tunarekodi kwa video wazee waliokulia katika nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma. Nyumba hizo zinabomolewa kupisha maghorofa. Na mzee wa miaka tisini, ndugu msomaji, hakuahidi kutungoja turekodi mara ya pili.

Kwa hiyo nilimwomba muuzaji tutoke hadi Mtaa wa Kongo. "Mzee, huko kuna kelele," akasema. Nikamjibu kuwa kelele ndizo nilizozifuata.

Maiki hii (wengi huiita kipaza sauti, ingawa haipazi chochote, kinachopaza ni spika) faida yake yote ni ukaribu. Ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni. Umbali ukiwa maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6, na kelele za mtaa hubaki pale pale. Boksi liliandikwa mita 100. Nilipompa mgongo kijana na kutembea kati ya watu, sauti ikaanza kukatika kabla sijafika mbali. Si ajabu: nyingi za maiki hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na mwili wa mtu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya. Mita 100 ni za uwanja mtupu. Kariakoo hakuna uwanja mtupu.

Linaloniudhi zaidi ni kitufe cha kuondoa kelele, ambacho husifiwa kama dawa ya mkunazi. Nilikiwasha, nikasoma: fisi, shashi, thelathini. Herufi s, f, sh na th zenyewe ni mvumo wa hewa, na mashine ikazidhania kelele. Thelathini yangu ilitoka kama ya mtu asiye na meno ya mbele. Kelele iliyorekodiwa yaweza kupunguzwa baadaye. Neno lililofutwa wakati wa kurekodi halirudi.

Wapo watakaosema twende studio. La hasha! Mzee akiwekwa studio hutoa hotuba. Barazani kwake, mnadi nguo akipita, hukumbuka ni nani aliyekuwa akiuza maandazi kona ile.

Basi ninachodai ni dakika tano nje ya duka, hedifoni masikioni, kabla fedha haijatoka mfukoni. Wauzaji wanaoandika kwenye risiti kuwa mali ikishauzwa hairudishwi hawana haki ya kutunyima dakika hizo. Mmoja alininyima. Nikavuka barabara, nikanunua kwa jirani yake.