Daftari la Karani: Samaki Asiyerudishwa Majini

Juma hili nataka kuwaeleza habari ya uvuvi wa majira ya baridi katika maziwa ya Texas, huko Marekani. Najua wengi watauliza, Texas inatuhusu nini? Yanihusu mimi kwanza, kwa sababu ya jambo lililonipata kando ya Ziwa Victoria, ambalo kwa miaka kadhaa sikuwa na jibu lake.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa kukaa ufuoni asubuhi na kijiti cha kupimia, na kuandika daftarini samaki walioletwa na vyombo. Agizo nililopewa lilikuwa jepesi kulielewa: mbuta mfupi kuliko kipimo asiletwe nchi kavu, bali arudishwe majini pale pale anapovuliwa, apate kukua. Palikuwa na mzee mmoja mwenye mshipi mrefu wa ndoana nyingi, ambaye aliuzamisha mbali, penye kina kirefu. Siku moja nilikuta mbuta wanne wafupi katika chombo chake, nikamwambia kwamba amevunja sheria. Hakubishana. Alisema tu, “Bwana karani, kesho alfajiri panda chombo pamoja nami.”

Nilipanda. Alipouvuta mshipi, alitokea mbuta mdogo ambaye tumbo lilikuwa limevimba kama mpira, na utumbo umesukumwa hata kinywani. Mzee alimtoa ndoana polepole, kwa mkono uliolowa, akamweka majini kama mtu amlazaye mtoto. Samaki alilala ubavu. Alipiga mkia, akajaribu kuzama, akashindwa, akaelea. Furukombe alikuwa amekwisha kumwona tangu mtini, alishuka akamchukua. Mzee akanitazama, akasema, “Huyo nimemrudisha. Mwandike.”

Sikumwandika, wala sikuwa na neno la kumjibu.

Sasa nije Texas. Ndugu mmoja asomaye huko aliniletea kijitabu cha sheria za uvuvi ambacho serikali ya jimbo hilo huwatolea wavuvi. Nilikisoma kwa desturi ya karani, yaani kuanzia jalada mpaka jalada. Humo niliwakuta samaki wawili ambao wenyeji hupenda sana kuwavua wakati wa baridi. Mmoja ni besi mweupe, mwenye rangi ya fedha na mistari myeusi ubavuni. Wa pili ni krapi, samaki bapa, mwenye madoadoa, apataye inchi 10 au 12 hivi akiwa mkubwa wa kutosha kuliwa. Wenyeji humpaka krapi unga wa mahindi, wakamkaanga katika mafuta, na kwa habari nilizosikia yeye ni mtamu kuliko samaki wengi wa maji baridi. Nimefurahi kuona kwamba unga wetu una heshima hata huko.

Majina ya samaki hupotosha. Besi mweupe si wa jamii moja na yule besi mweusi mwenye kinywa kikubwa, ambaye aliletwa kutoka Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929. Aliye wa jamii yake ni krapi, ingawa hana jina la besi. Basi mtu aliyekwisha kuvua besi pale Naivasha amemvua binamu wa krapi bila kujua.

Mwezi wa Oktoba na Novemba huko Texas majani ya miti hupukutika, na kuanzia Desemba hadi Februari ndiyo baridi yenyewe. Msomaji asifikiri kwamba ni kama vuli yetu. Vuli yetu ni ya mvua, yao ni ya majani makavu. Wakati wa joto maji ya juu ya ziwa huwa ya moto na mepesi, nayo ya chini hukaa baridi na mazito, kama mafuta na maji katika chupa moja. Yale ya chini hayapati hewa mpya, hata mwisho samaki hawezi kuishi humo. Lakini baridi ikianza, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na ziwa zima huchanganyika. Ndipo mlango wa chini unapofunguliwa. Samaki wadogo waitwao shadi, ambao ni wa jamii ya dagaa wa pwani, hutembea makundi makundi, na wale wakubwa huwafuata.

Besi mweupe huwinda kwa makelele. Katika majira ya majani kupukutika huwasukuma shadi hata juu, maji yakachemka kama sufuria, na ndege wa majini wakaja wakipiga kelele. Mvuvi hana haja ya kutafuta. Hutazama ndege tu, akaenda upesi, akatupa chambo chake cha chuma kinachong’aa. Baridi ikizidi, besi mweupe hushuka kwenye mkondo wa mto wa zamani uliofunikwa na ziwa, na mvuvi humfuata kwa kukiteremsha chuma hicho mpaka chini na kukirusharusha. Februari ikikaribia kwisha, samaki hao hupanda mitoni kutaga. Haya yatosha kumhusu yeye.

Krapi ni wa namna nyingine kabisa. Yeye hupenda kivuli cha miti iliyozama. Mengi ya maziwa ya Texas yametengenezwa kwa kuzuia mito, na ndani yake miti mingi imeachwa imesimama majini, imekufa, lakini ni nyumba ya samaki. Ziwa liitwalo Lake Fork, lenye eka 27,000 hivi, ni moja la hayo. Ukuta wake wa kuzuia maji ulifungwa mwaka 1980. Pasipo na miti, wavuvi wenyewe huzamisha matawi yaliyofungiwa mawe, wakakumbuka mahali pake. Mvuvi huja juu ya mti huo kwa mashua, akateremsha uzi wima, na ndoana ndogo yenye chambo cha samaki mdogo aliye hai, au kipande cha risasi kilichovishwa manyoya. Krapi hutazama juu kuliko chini, kwa hiyo chambo huwekwa juu kidogo ya kichwa chake. Humeza polepole, hata mgeni hajui kama ameguswa. Mara nyingine dalili ni kwamba uzi umelegea tu. Na akiguswa asivute kwa nguvu, maana ngozi ya kinywa cha krapi ni nyembamba kama karatasi, hupasuka, na samaki akaenda zake.

Kazi hiyo ya kimya ina bahati zake. Mwezi wa Januari mwaka 1992, katika Lake Fork, mtu mmoja aliyekuwa akitafuta krapi alinasa besi mwenye kinywa kikubwa wa ratili 18.18, ambaye hakupata kuonekana mkubwa kama yeye katika jimbo zima la Texas. Fikirini uzi ule mwembamba!

Walakini sikuandika daftari hili kwa ajili ya samaki mkubwa, bali kwa ajili ya wadogo. Sheria ya kawaida ya Texas juu ya krapi ni kama ile niliyoisimamia mimi: aliye chini ya inchi 10 arudishwe, na mtu mmoja asichukue zaidi ya 25 kwa siku. Lakini niliposoma kurasa za maziwa yenye sheria za peke yake, nilifika Lake Fork na ziwa jingine liitwalo Lake O’ the Pines, nikasimama. Kwa maziwa hayo mawili imeandikwa kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka siku ya mwisho ya Februari hakuna kipimo cha urefu, na kila krapi anayevuliwa lazima achukuliwe, awe mkubwa au mdogo. Akitimiza 25, mvuvi aache kuvua krapi siku hiyo. Maana yake, jambo ambalo mwezi wa Mei ni kosa, mwezi wa Januari ndilo amri. Na kumrudisha samaki mdogo, ambako mwezi wa Mei ni wajibu, mwezi wa Januari ni kosa.

Nilidhani kwanza kwamba mpiga chapa amekosea. Kisha nilimkumbuka mzee na mbuta wake.

Sababu ni hii. Ndani ya samaki mna kifuko cha hewa kimsaidiacho kukaa katika kina anachotaka, asizame wala asielee. Sisi twakijua kifuko hicho, kwa maana cha mbuta hukaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa mpaka nchi za mashariki ya mbali, na majirani zetu wa Tanzania, ambao humwita mbuta sangara, hukiita bondo. Samaki kama kambare na kamongo waweza kuja juu na kupumua hewa. Na wengine, kama wale wa jamii ya karpu, wana njia nyembamba kutoka katika kifuko mpaka kooni, wakatoa hewa iliyozidi. Krapi hana njia hiyo, wala mbuta hana. Hewa yake hupungua polepole sana kwa njia ya damu.

Basi uzito wa maji hukibana kifuko hicho. Katika kina cha futi 33 mbano ni mara mbili ya ule wa juu. Samaki akivutwa upesi kutoka huko, hewa iliyokuwa imebanwa hutanuka mara mbili. Akitoka chini zaidi, hutanuka zaidi. Kifuko chaweza kupasuka, macho hutokeza, tumbo husukumwa kinywani. Ukimrudisha, hawezi kushuka, na ndege humngoja. Hata yule aliyefaulu kuzama aweza kufa baadaye mahali usipomwona. Wakati wa joto krapi huvuliwa karibu na juu, naye akirudishwa huishi. Wakati wa baridi hukaa chini sana katika maziwa yale mawili, na mvuvi anayechagua wakubwa aweza kuwarudisha wadogo thelathini, wote wakafa, huku akihesabiwa kuwa mtu mwema mwenye samaki 25 tu.

Hapo ndipo nilipoona akili ya sheria ile. Haikuongeza samaki wa kuuawa. Ilikataa tu kudanganywa na hesabu, kwa maana wanaokufa ndio wanaohesabiwa. Mvuvi asiyependa kujaza kapu lake kwa samaki wa inchi 7 anayo njia: ahamie mahali pasipo na kina kirefu. Wako watu wanaomtoboa samaki kwa sindano ili hewa itoke, na wengine humteremsha tena chini kwa uzi wenye uzito. Ile ya pili naiona ni njema. Ya sindano yahitaji mkono uliofundishwa, na asiyejua huchoma ini.

Sisemi kwamba sheria hiyo ichukuliwe nzima nzima ikapandwa kwetu. Krapi wa Texas ni samaki wa kuvuliwa kwa fimbo na kuliwa nyumbani. Sheria yakataza kumwuza. Mbuta ni karo ya shule na bati la nyumba. Mwenye fimbo akiambiwa aache kwa 25, huenda akala chakula cha mchana. Mwenye mshipi wa ndoana mia nne huvuta wote mara moja. Tena kama tukimruhusu kila mtu alete wadogo kwa kusema walitoka kina kirefu, nani atasimama ufuoni atambue kina kwa kutazama samaki? Lakini laiti agizo nililopewa lingeuliza mshipi ulitupwa futi ngapi, kabla ya kuuliza samaki ni inchi ngapi, nadhani tungalipata mbuta wengi walio hai.

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya siku chache, nikaenda kumwamkia yule mzee. Bado huenda majini, ingawa mwanawe ndiye anayepiga kasia. Nilimsomea ukurasa ule wa Lake Fork, nikiugeuza kwa Kiswahili neno kwa neno. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha aliuliza, “Samaki huyo wanamwuza shilingi ngapi?” Nikamwambia hauzwi. Akacheka sana.

“Basi hao wanacheza, Bwana karani,” alisema. “Lakini wamepanda chombo, wakaona.”

Aliniomba nimwachie kijitabu kile, ingawa hajui kusoma Kiingereza. Nilimwachia.