"Ya Asili, Haina Madhara"

Kuna maneno ambayo siku hizi sina subira nayo: "Hii ni ya asili, haina madhara." Huyasema jirani mwema, chupa mkononi. Nami niliwahi kuyaamini, na aliyelipa gharama ya imani yangu hakuwa mimi.

Nilikuwa na mbwa wa ulinzi aitwaye Simba. Alianza kujikuna usiku kucha. Manyoya yakamtoka masikioni na kwenye viwiko, ngozi ikawa nyekundu, ikavimba na kunuka. Kila aliyepita langoni pangu alikuwa na dawa yake. Huyu majivu, yule mshubiri, mwingine maji yaliyolowekwa tumbaku. Nikachagua tumbaku, kwani si ni jani tu la shambani? Nikamwogesha jioni. Usiku akatapika, miguu ikatetemeka, na kabla ya alfajiri akafa. Nikotini iliyomo katika tumbaku ni sumu; hupenya ngozi, hasa yenye vidonda, na mbwa hujilamba. Hayo niliyajua nilipokwisha kumzika.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na majani. Mwarobaini una uwezo wa kudhuru wadudu. Ute wa mshubiri hutuliza ngozi, ingawa utomvu wake wa manjano humharisha mbwa akiulamba. Pareto, ua linalolimwa katika nyanda zetu za juu, huua viroboto. Lakini ndugu msomaji, pareto huua kwa sababu ni sumu! Uasili wake hauipunguzii ukali.

Upande wa pili, ivermectini, dawa ambayo wengi huiita "ya kizungu" na ambayo hutumika kutibu upele wa mbwa, ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Nayo ikizidi kipimo hudhuru, na mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kufa kwa kipimo ambacho wenzao hukistahimili. Basi mpaka kati ya ya asili na ya kiwandani uko wapi? Wapo hata wanaompaka mbwa oili chafu ya gari na kuiita dawa ya kienyeji, kana kwamba gari huota msituni.

Swali la kwanza si dawa imetoka wapi, bali mbwa anawashwa na nini. Huenda ni utitiri wanaochimba ngozi na kutaga mayai humo, ambao huweza kumwasha hata mtoto anayemkumbatia. Huenda ni ukungu. Huenda ni mate ya viroboto tu, ambayo ngozi yake haiyapatani. Kwa macho, yote matatu hufanana. Bwana mifugo hukwangua ngozi kidogo, akatazama kwa hadubini, akatafuta chanzo.

Najua, bwana mifugo yuko mbali na nauli haipo. Basi tuanze na lisilodhuru: maji safi, sabuni isiyo kali, kumchana viroboto, kufua na kuanika juani anacholalia. Hayo nayo ni ya asili, lakini hayana sifa kwa sababu yanataka kazi ya kila siku. Sisi tunataka chupa.

Na hapo ndipo lilipo kosa letu. Neno "asili" tumelipenda kwa sababu linatuondolea wajibu wa kuuliza. Mtu akinyweshwa dawa mbaya atalalamika. Simba alinitazama tu, akasimama kimya nikimmwagia, kwa kuwa aliniamini.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nilijifunza, lakini kwa uhai usio wangu.