Mkono uliopooza ufundishwe kazi yake

Nachuuza vitenge kati ya Ariwara, Arua na Koboko. Kiharusi kiliponipata, mkono wa kulia ukalegea. Kwenye zahanati moja nilikandwa, nikapewa mpira wa kuminya. Baada ya miezi miwili mpira niliuweza. Fundo la mzigo likanishinda.

Baadaye tabibu wa viungo mjini Arua aliniuliza: "Mzee, mkono huu ulikuwa ukifanya kazi gani?" Tukaanza kukunja kitenge kimoja, kisha vitano, mwisho kufunga robota. Noti nilizihesabu hadi nikachoka nazo (jambo geni kwa mchuuzi!).

Si uganga mpya. Janet Carr na Roberta Shepherd wa Australia waliyaandika haya miaka ya 1980: ubongo hujifunza upya kwa kurudia kazi yenyewe, ugumu ukiongezwa kidogo kidogo.

Sisi tuliorejea kutoka Sudan na Congo miaka hiyo hiyo tumezeeka. Ndugu zangu, mwelezeni tabibu kazi yenu kabla hajawalaza kitandani. Wa mguu wa bandia anayesafiri hadi Oraba afundishwe kupanda lori, si kutembea kwenye sakafu laini tu. Na wakubwa wa afya wasisingizie fedha: jerikeni, beseni na ngazi si mashine za ng'ambo.

Fundo bado nalifunga polepole. Wateja wa Koboko hunisubiri.